Yeye ni Yeye Tu: Sura ya Kike katika Majina ya Mungu

Chukua sentensi hii fupi: "Mungu aliona, akahurumia, akashuka." Mswahili yeyote ataielewa papo hapo. Lakini mpe mfasiri wa Kiarabu au Kiebrania, naye kabla hajaandika kitenzi cha kwanza itambidi aamue jambo ambalo wewe hukuliwaza hata kidogo: huyu aliyeona na kuhurumia ni wa kiume au wa kike? Kile kiambishi a- tunachokitamka bila kufikiri hakisemi. "Alikuja" anaweza kuwa babu, shangazi, mtoto mchanga au malaika. Tumejaliwa lugha inayomwacha Mungu bila jinsia, kisha tukamzungushia Bwana, Baba na Mfalme hadi tukasahau kwamba mlango ulikuwa wazi.

Neno Mungu lenyewe lina vituko vyake. Wingi wake ni miungu, kama mti na miti, mto na mito, kwa hiyo kwa umbo limekaa pamoja na miti. Ila likishika kitenzi linageuka mtu: Mungu anajua, Mungu anasikia. Kiswahili hakiulizi kama unayemtaja ni mume au mke. Kinauliza kama ni mtu au ni kitu. Swali hilo tutakutana nalo tena huko mbele, na mahali pasipotarajiwa.

Ugomvi mwingi kuhusu "upande wa kike wa Mungu" hutokana na kuchanganya mambo matatu. Kuna mungu wa kike, yaani mwabudiwa mwenye jina lake, madhabahu yake na mara nyingi mume wake. Kuna Mungu mmoja anayesimuliwa kwa picha za umama: anabeba, ananyonyesha, anashikwa na uchungu wa kuzaa. Na kuna sarufi, pale neno linapokuwa la kike katika lugha fulani bila kumaanisha kwamba kitu chenyewe ni cha kike. Kwa Mwarabu jua ni la kike na mwezi ni wa kiume. Kwa Mfaransa ni kinyume chake. Na hakuna kati yao aliyewahi kuziona ndevu za mwezi.

Tuanze na mungu wa kike, kwa kuwa ndiye anayeogopwa zaidi.

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili amekutana na maashera mara nyingi. Yakatwe, yachomwe, yang'olewe. Ukisoma haraka unadhani ni magogo tu ya kipagani. Lakini mabamba ya udongo yaliyoanza kufukuliwa mwaka 1929 huko Ugarit, pwani ya Syria, yanamtaja Ashera kama mama wa miungu, mwenzi wa El, mkuu wa miungu wa huko. Kisha katika miaka ya 1975 na 1976 waakiolojia waliokuwa wakichimba Kuntillet Ajrud, kituo cha jangwani katika rasi ya Sinai, walikuta mitungi mikubwa ya takribani mwaka 800 kabla ya Kristo. Juu yake kuna maneno ya baraka: kwa Yahwe wa Samaria na kwa Ashera...

Hapa mfasiri wa Kiswahili anakwama. Aandike "Ashera wake" au "ashera yake"? Akiandika wake, amemfanya mke. Akiandika yake, amemfanya nguzo ya mti iliyosimikwa kando ya madhabahu. Wataalamu wamebishana hapohapo kwa karibu nusu karne, na hoja kubwa ya upande wa "yake" ni ya kisarufi: Kiebrania hakina desturi ya kulibandika jina la mtu kiambishi cha umilikaji. Wa upande wa pili hujibu kwamba nguzo ilikuwa ishara ya mwenyewe, na hakuna anayeomba baraka kwa mti mkavu. Mimi naona hawa wa pili wana nguvu zaidi, ila sitagombana na mtu.

Lisilobishaniwa ni kwamba huyu mama hakuwa mgeni aliyebisha hodi mlangoni. Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 23, kinasimulia Mfalme Yosia, katika karne ya saba kabla ya Kristo, akiitoa Ashera ndani ya nyumba ya Bwana yenyewe, Yerusalemu, na kuiteketeza kando ya kijito Kidroni. Mstari unaofuata unataja wanawake waliokuwa wakimfumia mapazia humohumo hekaluni. Yeremia, sura ya 7, anaeleza ibada ya malkia wa mbinguni kama shughuli ya nyumba nzima: watoto wanaokota kuni, baba anawasha moto, mama anakanda unga wa mikate. Na sura ya 44 ina mojawapo ya mabishano makali zaidi katika Biblia. Yerusalemu imekwisha anguka, watu wamekimbilia Misri, nabii anawaambia balaa hili limetokana na ibada zenu. Wanamjibu uso kwa uso: tulipokuwa tunamfukizia malkia wa mbinguni tulikuwa na chakula tele, tangu tuache, tumepungukiwa na kila kitu. Kisha wanawake wanaongeza, kwa maana, kwamba hawakuoka mikate hiyo kwa siri, waume zao walijua. Mwandishi hakuyafuta maneno yao. Yamo mpaka leo, na nadra sana kuyasikia mimbarani.

Mungu wa kike akaondolewa, lakini lugha ya kike haikuondoka. Fungua Mwanzo, mstari wa pili kabisa. Kwa Kiebrania ile Roho iliyokuwa juu ya maji ni ruach, neno la kike, na kitenzi chake pia kimevaa umbo la kike. Kitenzi hicho kinarudi katika Kumbukumbu la Torati 32, kikimweleza tai anayepapatika juu ya makinda yake. Picha ni ya ndege mwenye makinda, juu ya giza na maji. Wafasiri wa Biblia yetu ya Union wakaandika: "Roho ya Mungu ikatulia juu ya uso wa maji." Ya, ikatulia: kitu. Ukifika Mathayo 3, Yesu anapobatizwa, Roho huyohuyo anakuwa "Roho wa Mungu akishuka kama hua". Wa, akishuka: mtu. Katikati ya Agano la Kale na Jipya, Roho amehama ngeli, na nina hakika asilimia kubwa ya wanaoisoma Biblia kila siku hawajawahi kuona.

Katika lugha nyingine alihama jinsia. Kwa Kigiriki, pneuma si ya kiume wala ya kike. Kwa Kilatini, spiritus ni ya kiume. Wakristo wa Kisiria, wanaosali kwa lugha iliyo ndugu ya ile aliyoizungumza Yesu, walimwita Ruha, wa kike, na karne za mwanzo hawakuona haya kulifuata neno mpaka mwisho wake. Afrahati, mwandishi wao wa karne ya nne, anasema kijana kabla hajaoa humpenda Mungu kama baba yake na Roho Mtakatifu kama mama yake. Baadaye, polepole, wakaanza kulipa neno lilelile upatanisho wa kiume, sarufi ikapindishwa ili imani isilete maswali. Hieronimo, yule mfasiri wa Biblia ya Kilatini, aliliona tatizo hili na akalimaliza kwa akili: Kiebrania kinasema wa kike, Kilatini wa kiume, Kigiriki si huyu wala yule, maana yake ni kwamba katika Uungu hakuna jinsia. Angejua Kiswahili angepumzika.

Lakini palipo na utajiri zaidi ni kwenye neno ambalo sisi tunalitumia kila siku bila kujua limebeba nini. Neno lenyewe ni rehema.

Mzizi wake ni herufi tatu: r, h, m. Kwa Kiarabu rahim ni tumbo la uzazi. Kwa Kiebrania ni rehem, maana ileile, na kutoka humo likatoka rahamim, huruma. Wale wanawake wawili mbele ya Sulemani, mmoja alipolia kwamba mtoto asikatwe, Biblia ya Kiebrania inasema rahamim zake zilimwaka kwa ajili ya mwanawe. Huruma ni jambo la tumboni, la aliyebeba. Ndipo Isaya 49 inapata uzito wake: "Je! Mwanamke aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye, hata asimhurumie mwana wa tumbo lake?" Hapo kwenye kuhurumia, Kiebrania kina mzizi huohuo. Mungu anajilinganisha na mama, kisha anasema hata mama anaweza kusahau, mimi sitasahau.

Upande wa Uislamu mzizi huu umewekwa mlangoni kabisa. Sura zote 114 za Kurani, isipokuwa moja, Sura ya Tawba, hutanguliwa na Bismillahi Rahmani Rahimi. Majina mawili, yote ya mzizi huo. Iko hadithi mashuhuri ambayo Mwenyezi Mungu anasema kwamba Yeye ndiye Rahmani, ameumba rahim, na amelitoa jina lake katika jina Lake. Anayeuunga udugu naye atamuunga, anayeukata atamkata. Tukisema "kuunga udugu", Mwarabu husema kuunga rahim, kuunga tumbo.

Na iko nyingine, katika Bukhari na Muslim, ya mateka walioletwa mbele ya Mtume (S.A.W.). Miongoni mwao alikuwamo mwanamke aliyejaa maziwa, anahangaika huku na huku, kila akimpata mtoto anamkumbatia kifuani na kumnyonyesha. Mtume akawauliza maswahaba: mnadhani huyu angeweza kumtupa mwanawe motoni? Wakasema hapana. Akawaambia, Mwenyezi Mungu ni mwenye huruma zaidi kwa waja wake kuliko huyu kwa mwanawe.

Ni lazima kusema wazi hapa, maana ndipo watu huteleza. Kurani hiyohiyo, katika Sura ya Najm, inawataja Lata, Uzza na Manata, miungu wa kike wa Waarabu wa kabla ya Uislamu, na kuwakataa kabisa. Hakuzaa wala hakuzaliwa, na hakuna chochote mfano Wake. Mama katika ile hadithi ni kipimo cha huruma, si sura ya Mungu. Kiarabu hutumia huwa, "yeye" wa kiume, kwa sababu lugha hiyo haina kiwakilishi kisicho cha kiume wala cha kike. Wanazuoni hawakupata kudai kwamba neno hilo linamfanya Mungu mwanamume. Ibn Arabi, sufi wa Andalusia aliyefariki Damascus mwaka 1240, alipenda kukumbusha kwamba hata neno dhati, linalotaja uhalisi wa Mungu Mwenyewe, ni la kike katika sarufi.

Basi fikiria: kila tunapomtaja aliyefariki tunasema marehemu, aliyerehemiwa. Tunamrudisha kwenye mzizi wa tumbo la uzazi siku tunayomtia kaburini. Sidhani kuna aliyelipanga hilo, lakini lugha imelipanga.

Wayahudi nao walipata neno lao. Walimwita Shekhina ule uwepo wa Mungu unaokaa kati ya watu, kutoka mzizi wa kukaa, sh-k-n. Sisi tunao ndugu wa mzizi huo kupitia Kiarabu: maskani, hata kile kibaraza cha vijana wa Zanzibar kinachoitwa hivyo. Neno halimo katika Biblia. Ni la marabi wa baadaye. Mwanzoni lilikuwa njia ya heshima tu ya kumtaja Mungu. Ila ni la kike, na katika vitabu vya siri vya Wayahudi wa Hispania, hasa Zohar ya mwisho wa karne ya 13, limesimama na kuwa bibi harusi na malkia, aliyetengwa na mumewe kwa dhambi za dunia na anayekwenda uhamishoni pamoja na watu wake. Sarufi iligeuka mtu. Kwa Wasiria sarufi ilipindishwa ili neno lisibaki mama. Kwa Wayahudi hawa neno liliachwa likawa bibi harusi.

Kuhusu Maria nitapita haraka, si kwa kumdharau bali kwa sababu mafundisho yenyewe yako wazi kuliko maneno yanayosemwa juu yake. Mtaguso wa Efeso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 431, ulimthibitishia jina la Mzazi wa Mungu, ambalo kwenye Salamu Maria tunalisema "Mama wa Mungu". Jina hilo lilikuwa ubishi juu ya Yesu ni nani. Nestori, askofu mkuu wa Constantinople, alitaka aitwe mama wa Kristo tu. Hakuna mtaguso uliomfanya mungu, na Wakatoliki hutenganisha heshima anayopewa na ibada ya Mungu. Bado anaitwa Malkia wa Mbingu, neno kwa neno lile jina lililomkasirisha Yeremia, na Waprotestanti hawajachoka kulikumbusha. Ukristo wenyewe umesema umama juu ya Mungu bila kupitia kwa Maria pia. Julian wa Norwich, mwanamke Mwingereza wa karne ya 14 aliyeishi amefungiwa katika chumba kando ya kanisa, aliandika kwamba kama Mungu alivyo Baba yetu kweli, vivyo hivyo ni Mama yetu kweli. Papa Yohane Paulo wa Kwanza, aliyekaa madarakani siku 33 tu, aliwaambia waliokusanyika Vatikani mnamo Septemba 10, 1978, kwamba Mungu ni baba, na zaidi ya hapo ni mama; alikuwa akiinukuu Isaya. Katekisimu ya Kanisa Katoliki nayo inasema Mungu si mwanamume wala mwanamke, ni Mungu.

Wahindu hawakuhitaji kutafuta umama katika mizizi ya maneno. Kwao Devi ni Mungu waziwazi, na kwa madhehebu ya Shakta ndiye mkuu wa yote. Durga anaundwa kwa nguvu za miungu wa kiume walioshindwa kulimaliza jitu lenye umbo la nyati, kila mmoja akimkabidhi silaha yake. Nguvu yenyewe inaitwa shakti, na wana msemo wa kucheza na herufi kwamba Shiva, mmoja wa miungu wao wakuu wa kiume, bila shakti ni shava, yaani maiti. Katika pango la Elephanta, kisiwani karibu na Mumbai, Shiva amechongwa nusu mwanamume, nusu mwanamke, mwili mmoja. Ukikaa Upanga, Dar es Salaam, au Mombasa wakati wa Navaratri, zile usiku tisa za Mama, utawasikia Wagujarati wakicheza garba kwa kuzunguka. Kiini cha duara kwa desturi ni chungu cha udongo kilichotobolewa, chenye taa ndani. Garba ni garbha ya Kisanskriti. Maana yake ni tumbo la uzazi. Hata chumba cha ndani kabisa cha hekalu la Kihindu, anapokaa mwabudiwa, kinaitwa kwa neno hilohilo.

Hapa huwa watu wanarukia hitimisho kwamba palipo na mungu wa kike, wanawake wanaheshimiwa. Laiti ingekuwa hivyo. Athens ilikuwa na Athena juu ya kilima chake, na wanawake wake hawakuwa na sauti katika baraza la mji. India haihitaji mfano. Kinachosujudiwa hekaluni na anayechota maji nyumbani ni mambo mawili, na anayetaka kuunganisha moja na jingine ana kazi ya kuonyesha uzi.

Na kwetu? Lugha za Kibantu ziliacha swali bila pa kuning'inia, lakini si Watanzania na Wakenya wote ni Wabantu. Wairaqw wa Mbulu na Karatu wanazungumza Kikushi, lugha yenye kiume na kike. Mungu wao wa jadi, Looa, muumba, anayefungamana na jua, ni wa kike na ni mwema. Wanaoogopwa ni neetlangw, wanaokaa kwenye chemchemi na mito na kuleta maradhi, nao ni wa kiume. Aliyelelewa na "Baba wa mbinguni" akisikia hivyo mara ya kwanza huhisi kama amegeuziwa ramani.

Wamaasai nao humwita Enkai, neno ambalo pia ni mbingu na ni mvua. Kile kiambishi en- ni cha kike. Cha kiume ni ol-. Ule mlima wa volkano kusini mwa Ziwa Natron, Ol Doinyo Lengai, umebeba zote mbili katika jina moja: mlima wa kiume, wa Mungu aliye wa kike. Enkai ni mmoja mwenye rangi mbili, Narok mweusi kama wingu la mvua, mwema, na Nanyokie mwekundu kama anga la ukame. Wanawake ndio waliokuwa wakimwomba siku nzima, asubuhi wakikamua na kumnyunyizia maziwa ya kwanza. Wakikuyu na Wakamba walipolichukua jina hilo likawa Ngai, na jinsia ikadondoka njiani, kwa kuwa lugha zao hazikuwa na pa kuiweka.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipokwenda Umaasaini katika karne ya 20 walilenga wanaume, shuleni kwanza, kisha bomani. Waliojaa kanisani ni wanawake. Wageni walikuwa wamewaletea Baba. Wenyeji waliendelea kusali kwa jina walilolijua, na Biblia ya Kimaa nayo ikalichukua. Jumapili wanamwita Mungu baba kama Yesu alivyofundisha, kisha wakilitaja jina Lake linatoka na en- yake mbele.